Shangingi Linalochemsha Foleni na Kupoa Barabarani

Mwezi huu nilikuwa nimeahidi kuzungumzia bima za magari ya wanafunzi, lakini imeniingia barua kutoka Seeb, hapa hapa Oman, ambayo haikuweza kungoja. Mnaoishi Ghuba mnalijua joto la huku, kwa hiyo naamini mtanisamehe. Bima tutaigusa mwezi ujao.

Barua imeandikwa na mama wa watoto wanne. Mumewe anafanya kazi visimani huko ndani, wiki mbili yuko jangwani, wiki mbili yuko nyumbani. Gari lao ni Toyota Land Cruiser ya mwaka 1996, lile umbo ambalo watu wa Dar es Salaam walilipa jina la shangingi. Injini yake ni ya petroli, silinda sita, lita 4.5, gia otomatiki. Limeachwa na marehemu baba mkwe, ambaye alilipeleka kila wadi na kila mlima wa nchi hii, na ndani ya nyumba ile hakuna anayependa kusikia neno kuliuza.

Nainukuu sehemu yake, kwa ruhusa yake: “Kaka, asubuhi nikishika njia kuu halina neno. Mchana nikipanga foleni ya kuchukua watoto skuli, kiyoyozi kinawaka, mshale wa joto unaanza kupanda. Nikitoka foleni nikaingia barabarani unashuka wenyewe. Fundi aling’oa kitu akasema sasa litapoa, halikupoa. Sasa anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, injini ifunguliwe, riali 420. Mama mkwe nampeleka kusafishwa damu mara tatu kwa wiki na siwezi kukosa gari. Pesa niliyonayo ni ada ya binti yangu. Niifungue injini au niliuze gari kama lilivyo?”

Kwa mnaosoma kutoka mbali, riali 420 ni zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Kwa nyumba ya watu saba hiyo si pesa ya kubahatisha. Na akiuza gari lenye sifa ya kuchemsha, atapewa bei ya chuma chakavu.

Nilipomaliza kuisoma nilimpigia simu, nikamwambia asimpe fundi ruhusa ya kufungua chochote hadi Ijumaa. Nusu ya jibu ilikuwa imo ndani ya barua yake mwenyewe. Mtu akiniambia gari linachemsha, namuuliza linachemsha lini. Likiwa linapanda mlima au linakimbia kilomita 120 kwa saa? Au likiwa limesimama injini inaunguruma tu, hali ambayo mafundi wa Dar huiita sailensa? Hayo ni maradhi mawili tofauti, na dawa zake hazifanani.

Nieleze kidogo kwa wale ambao hawajawahi kufungua boneti. Sehemu kubwa ya petroli tunayoichoma haigeuki kuwa mwendo, inageuka kuwa joto. Maji yanazunguka ndani ya injini yakilibeba joto hilo hadi kwenye rejeta, na pale upepo unapita katikati ya vibati vyake vyembamba na kulichukua. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: maji yazunguke na upepo upite. Gari likiwa mwendoni, upepo unaingia wenyewe kwa mbele, hata feni ikiwa imelala hutajua. Gari likisimama, upepo wa bure unakwisha na kila kitu kinaitegemea feni. Ndiyo maana gari linalochemsha likiwa limesimama na kupoa likiwa linakwenda, mtu unaanza kuutafuta upepo. Na lile linalochemsha mwendoni au mlimani, hapo unayashuku maji: rejeta imeziba ndani, pampu ya maji imechoka, thamostati haifunguki, au kweli gasketi imeungua.

Kiyoyozi nacho kina mchango wake. Kondensa yake imekaa mbele ya rejeta, na kazi yake ni kutoa nje joto la ndani ya gari. Yaani hewa inayofika kwenye rejeta imeshapashwa moto na kondensa. Nje kuna nyuzi 45, lami inatoa joto lake kutoka chini, gari la mbele yako linakupulizia moshi wa moto usoni, na injini inazunguka taratibu, mara 700 hivi kwa dakika, na feni nayo iko taratibu. Foleni ya skuli ya Muscat saa saba mchana ni mtihani mgumu kuliko mlima wa Jebel Akhdar saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa magari haya ya zamani hayana feni ya umeme kama saluni za siku hizi. Feni yao inazungushwa na injini yenyewe kwa mikanda, lakini haikufungwa moja kwa moja. Katikati yake kuna kidude cha mviringo, klachi ya feni, ambacho ndani kina mafuta mazito ya silikoni. Usoni mwake kuna springi bapa ya metali mbili. Hewa ya moto ikitoka kwenye rejeta ikaipiga ile springi, inajipinda, inafungua tundu, mafuta yanaingia kati ya sahani mbili zenye mifereji, zinashikana, na feni inavuta kwa nguvu. Rejeta ikipoa, mafuta yanarudi kwenye chumba chake na feni inalegea ili isile petroli bure. Ni akili nzuri sana ya kihandisi, haina waya hata mmoja. Ubaya wake ni kwamba inakufa kimya kimya. Mafuta yanavuja kidogo kidogo kwa miaka, na siku moja unakuta feni inazunguka kwa sababu tu upepo na msuguano mdogo vinaisukuma, nguvu ya kuvuta hewa haina. Ukifungua boneti unaiona inazunguka, unasema feni nzima. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Ijumaa jioni nilifika Seeb. Nilitaka injini iwe baridi kabisa, kwa hiyo tuliagana gari lisiwashwe tangu asubuhi. Kijana mkubwa wa nyumba, yuko mwaka wa pili anasomea uhandisi, nilimpa kazi yote aifanye yeye kwa mikono yake. Mama yake alikaa kibarazani na birika la kahawa, akiuliza maswali mazuri kuliko ya kijana.

Kwanza tulifungua kifuniko cha rejeta. Naomba nirudie: injini ilikuwa baridi. Kifuniko cha gari hili kinashikilia shinikizo la kama bar 0.9 juu ya la hewa ya kawaida, na shinikizo hilo linafanya maji yasichemke mpaka kiasi cha nyuzi 118 badala ya 100. Ukikifungua kikiwa moto, shinikizo linaondoka mara moja na maji yote yanageuka mvuke usoni mwako. Nimewaona watu wenye makovu hayo na sitaki kumwona mwingine. Gari likichemsha, kifuniko hakiguswi hata kwa tambara nene hadi mpira wa juu wa rejeta upoe kiasi cha kuubinya kwa mkono bila kuungua.

Maji yalikuwa yamepungua, rangi yake kama chai ya rangi, maana aliyeongeza alitia maji ya bomba. Mpira wa kifuniko ulikuwa umepasuka. Hilo peke yake linatosha kupoteza maji, na kifuniko kipya ni pesa ya chakula cha mchana. Tukachomoa kijiti cha oili, tukafungua na mfuniko wa oili juu. Oili nyeusi ya kawaida, haina rangi ya maziwa. Alama nzuri ya kwanza kwa upande wa gasketi.

“Ami, sasa feni?” akaniuliza kijana.

“Isukume kwa kidole.”

Akaisukuma. Ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, kama kititia cha mtoto. Klachi nzima ikiwa baridi unaisukuma inakwenda nusu mzunguko au mmoja hivi kisha inakwama, unahisi uzito wa mafuta ndani. Hii haikuwa na uzito wowote. Tukamulika tochi, na usoni mwa klachi kulikuwa na michirizi ya mafuta iliyoshika vumbi na kukauka, ya miaka. Mikanda ilikuwa mizuri, imekazwa sawasawa.

Mtu mwenye haraka angeishia hapo. Lakini mama huyu alikuwa ameshaambiwa kwa uhakika kitu ambacho hakikupimwa, na sikutaka na mimi nimwambie kingine kwa staili ile ile. Klachi inaweza kuwa mbovu na gasketi pia ikawa mbovu. Tukajaza maji, tukawasha.

Dakika mbili za mwanzo tulikuwa tunaubinya mpira wa juu. Gasketi ikiwa imeungua vibaya, gesi ya kwenye silinda inapenya kwenye maji na mpira unakuwa mgumu kama jiwe hata kabla injini haijapata moto. Ulibaki laini. Mapovu hayakuwapo kwenye shingo ya rejeta. Moshi wa nyuma haukuwa mweupe wala haukuwa na ile harufu tamu ya kulanti. Tukarudisha kifuniko, tukawasha kiyoyozi mpaka mwisho, tukangoja.

Mshale wa dashibodi sikuutegemea. Geji za magari haya zimetengenezwa zisimtie dereva wasiwasi: zinasimama katikati wakati joto limeshapanda kwa nyuzi kadhaa, na zikianza kusogea mambo yameshaharibika. Nilikuwa na bunduki ya kupimia joto, zile zinazotoa taa nyekundu, siku hizi hazina bei. Jambo moja wengi hawalijui: ukiielekeza kwenye chuma kinachong’aa inakudanganya, inasoma chini kuliko ukweli. Tulibandika kipande cha utepe mweusi juu ya chuma ambako mpira wa juu unaunganishwa na injini, tukawa tunapima pale kila baada ya dakika tano. Tulisoma 86, kisha 91, kisha 97. Dakika ya ishirini tukasoma 103 na mshale ndiyo kwanza unaanza kuinuka.

Hapo kijana alichukua karatasi ya daftari akaiweka mbele ya grili, akaiachia. Feni yenye afya injini ikiwa na moto inaivuta karatasi na kuishikilia kwenye grili kama imegundishwa. Hii ilianguka. Nikamwambia apandishe mzunguko hadi 2,000. Karatasi ilishikwa kwa unyonge, na baada ya muda joto likaanza kushuka polepole. Akazima kiyoyozi, likashuka zaidi. Kisha nikamwambia arashie maji kwa bomba la bustani, marasharasha tu, kwenye uso wa rejeta kupitia grili, asiguse injini. Likashuka haraka.

Unaona tulichokuwa tunafanya? Maji ya bomba yalikuwa yanafanya kazi ambayo feni ilishindwa, kuondoa joto kwenye rejeta. Kama tatizo lingekuwa maji hayazunguki, kuirashia rejeta kusingesaidia kitu, maana joto lingekuwa limekwama ndani ya injini na halifiki kwenye rejeta. Kabla ya kurashia tulikuwa pia tumepima mpira wa juu na wa chini: wa juu 103, wa chini 96. Tofauti ndogo namna hiyo, gari likiwa limesimama, inasema maji yanapita vizuri ila yanarudi na joto lake lile lile. Mpira wa chini ungekuwa wa baridi kabisa huku wa juu unaunguza, ningesema rejeta imeziba au pampu imekufa. Tukapitisha na bunduki kwenye uso mzima wa rejeta upande wa injini, hatukukuta sehemu ya baridi iliyojitenga. Kwa hiyo mirija ya ndani ilikuwa wazi.

Nje ya mirija, hadithi nyingine. Kati ya kondensa na rejeta kuna nafasi ndogo, na ndani yake kulikuwa na historia nzima ya marehemu: udongo mkavu wa wadi, mchanga, nyasi, mabawa ya panzi. Na kava ya plastiki inayoizunguka feni ilikuwa imevunjika upande wa chini, kipande kizima hakipo. Watu hudhani kava ile ni ya kuzuia vidole. Kazi yake kubwa ni kuilazimisha feni ivute hewa kupitia rejeta. Ikivunjika, feni inavuta hewa ya moto ya pembeni ambayo ni rahisi zaidi kuipata, inaizungusha pale pale ndani ya boneti.

Sasa kile kitu ambacho fundi alikuwa ameking’oa. Nilikijua kabla sijafika, kwa sababu mama alisema barabarani mshale unashuka, na nilipomuuliza kwenye simu unashuka hadi wapi, akasema chini hata ya ulipokuwa ukikaa zamani. Hiyo ni thamostati. Tabia hii imeenea kuanzia gereji za Mombasa na Dar mpaka huku: gari likichemsha, ng’oa thamostati. Naielewa hoja yao, wanadhani wanayafungulia maji njia. Lakini gari lilikuwa linachemsha nayo ikiwamo, na thamostati nzima ya injini hii inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Joto likifika 100 imeshakuwa wazi siku nyingi, kuing’oa hakuongezi lolote. Na kwenye injini nyingi sahani ya nyuma ya thamostati ndiyo inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi ndani ya injini bila hata kuonana na rejeta. Njia kuu nayo injini inakimbia ikiwa baridi mno, inakula petroli, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Ukishuku thamostati, itie kwenye sufuria ya maji jikoni uone inafunguka saa ngapi. Sufuria iwe ya zamani, nawaomba, msiniletee ugomvi na wake zenu.

Kikabaki kipimo kimoja, na hiki nawasihi mkishike kichwani kwa sababu ndicho kitakachowaokoa mahali popote mlipo. Kuna kichupa chenye maji ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta huku injini inaunguruma. Unavuta hewa iliyo juu ya maji ipite kwenye ile buluu. Gesi iliyochomwa kwenye silinda ikiwa inapenya, buluu inageuka manjano kwa injini ya petroli. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa, na gereji nyingi wanacho. Yeyote anayekwambia gasketi imeungua, mwombe kwa upole akufanyie kipimo hicho mbele yako kabla hujatoa pesa. Unahakikisha tu kwamba maji ya rejeta yamepunguzwa kwanza, kwa sababu yakinyonywa yakaingia kwenye kichupa yanaharibu kipimo. Tulikifanya Jumamosi asubuhi, injini ikiwashwa kutoka baridi na kifuniko kikiwa wazi. Tuliinyonya ile pampu ya mpira kwa dakika kadhaa. Ilibaki buluu kama bahari ya Matrah. Mama akaomba aione mwenyewe, akakishika kile kichupa, akakaa nacho muda.

Nilikwenda naye kwa fundi yule yule. Najua baadhi yenu mtanilaumu, lakini gereji iko karibu na nyumba, fundi ana mikono mizuri, na sidhani alikuwa na nia ya kumwibia. Alikuwa ameona magari kumi ya aina hii yakija na gasketi iliyoungua, na injini hii kweli ina sifa hiyo, hasa upande wa nyuma kwenye silinda ya sita, likishachemshwa mara nyingi. Alikisia. Tulimwonyesha klachi ya feni, akaizungusha kwa kidole, akacheka, akasema kwa Kiarabu chake cha gereji kwamba hakuigusa. Tukapatana kazi: klachi mpya, thamostati mpya na gasketi yake ndogo, kifuniko kipya, kava ya feni ya mtumba lakini nzima, kuitoa rejeta na kuiosha nje kwa maji yasiyo na presha kali kutoka upande wa injini kuja mbele, kusukuma nje maji ya kutu, na kutia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini. Jumla riali 96. Ada ya binti ilibaki mahali pake.

Kuhusu klachi ya feni, msinunue ya bei ya chini kabisa. Nimeona nyingine mpya kwenye boksi ikiwa legevu kuliko ya zamani. Kabla hujalipa izungushe kwa mkono dukani, uhisi uzito. Na ikishafungwa, asubuhi ukiwasha gari kwa mara ya kwanza utasikia feni inavuma kwa nguvu kwa dakika moja hivi kisha inatulia. Huo ni uzima, usirudi gereji kulalamika kelele.

Jumapili ilikuwa siku ya skuli. Mama alinitumia picha ya dashibodi kutoka kwenye foleni, saa saba na nusu, kiyoyozi kinawaka, mshale umelala kidogo chini ya katikati. Akatuma nyingine baada ya dakika arobaini. Ile ile.

Sasa niwajibu wengine ambao maswali yenu yamekaa muda mrefu.

Likikuanza foleni na huna pa kwenda, zima kiyoyozi, fungua madirisha, washa hita mpaka mwisho na feni yake juu. Ndiyo, hita, katika joto la Ghuba. Ni rejeta ndogo ya pili na itakununulia dakika chache. Weka gia huru ukanyage mafuta kidogo, mzunguko ufike 1,500 hadi 2,000, feni na pampu ziende kasi. Mshale ukiendelea kupanda hadi karibu na nyekundu, toka pembeni uzime. Kisha watoe watoto na wazee kwenye gari haraka uwatafutie kivuli, kwa sababu gari lililozimwa juani ni hatari kwao kuliko injini yako, na hili halina mjadala. Hapa Oman ukikwama vibaya piga 9999. Usimwagie injini maji ya baridi, hedi inaweza kupinda au kupasuka, na hapo ile riali 420 itaonekana rahisi.

Mwanafunzi wa Michigan mwenye Jeep Cherokee ya lita 4.0: gari lako lina feni mbili, moja ya mkanda yenye klachi kama hii na ya pili ya umeme pembeni yake. Washa kiyoyozi uangalie kama ile ya umeme inazunguka. Isipozunguka, anza na fyuzi na relei kabla hujanunua feni.

Kaka wa Birmingham mwenye Discovery ya 300Tdi, unayesema miaka mitatu halikuwahi kuchemsha na mwaka huu limechemsha foleni wakati wa joto: hali ya hewa ya huko ilikuwa inakuficha ugonjwa. Klachi yako huenda ilikufa zamani. Ukiifungua, kumbuka nati yake kubwa inafunguka kinyume na nati za kawaida. Watu wengi wameikaza zaidi kwa saa nzima wakidhani wanaifungua.

Na yule dada wa Dubai aliyeuliza kama anaweza kuchanganya kulanti nyekundu na ya kijani iliyobaki stoo: usichanganye. Baadhi zikikutana zinaganda kama uji na kuziba mirija. Na usiiamini rangi, kila kampuni inatia rangi yake. Soma kwenye kopo na kwenye kitabu cha gari. Usipojua ndani kuna ipi, mwaga yote, suuza, anza upya na aina moja.

Kwa mama wa Seeb limebaki jambo moja, nalo nimemwandikia kijana kwenye karatasi. Nyuma ya injini ile, kwa chini mahali pasipoonekana, kuna mpira mfupi wa maji ya hita. Wengi husahau kuubadilisha kwa kuwa mkono haufiki vizuri, na ukipasuka safarini maji yote yanaondoka bila kuonekana. Wa kwao una umri wa gari. Baba akirudi kutoka visimani wiki ijayo ndiyo kazi yao ya kwanza, yeye na mwanawe, kabla hawajamfikisha bibi Nizwa kuwaona ndugu zake.